JE, KUFUTA VIOO KUNATAKA CHUO?



Katika kikao kilichopita lilizuka jambo la vijana wetu wanaotoka hapa Usagara kwenda mjini Mwanza kusafisha madirisha ya hoteli na maghorofa. Watatu wameomba ushirika uwakopeshe ada ya kozi. Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Dirisha hata mjukuu wangu anafuta, tena bila cheti!" Kikao kikavunjika hatujakata shauri. Basi tumeona tuandike yetu hapa, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Sisi hatukucheka. Tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua kuchekwa kulivyo. Lakini pia tunajua elimu ipi inamfaa mtu. Mwaka 1968 kisomo chenye manufaa kilipoanzishwa mikoa hii ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, wazee wetu walijifunza herufi kwa mambo ya pamba na uvuvi. Hawakutolewa shambani kwanza ndipo wasome.

Sasa dirisha. Kioo unachokifikia umesimama chini hakina haja ya ada. Ila kina ujuzi wake, tusidanganyane. Kijana mmoja wa hapa alisugua kioo kikavu kwa tambara, vumbi la barabarani bado limeshika. Mchanga ukakwaruza kioo, akakatwa mshahara. Angemwagia maji kwanza asingepata hasara. Na wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa usiku kama moshi, wakikaukia kiooni hawatoki kwa nguvu. Walowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha ushuke na mpira kutoka juu kwenda chini. Tena usifanye jua likipiga kiooni, maji yatakauka upesi yaache mabaka. Haya mtu anayapata kwa siku chache akifuatana na mzoefu. Kuuza mbuzi kwa ajili hiyo ni kupoteza mbuzi.

Kupanda juu ni habari nyingine, na hapo hatukubaliani na wazee hata kidogo. Ngazi ikiegemea ukuta futi 12 juu, miguu yake ikae futi 3 kutoka ukutani. Wangapi wanalijua hilo? Na anayening'inia kwa kamba ghorofani, asipofundishwa kufunga mkanda na kukagua kamba, tutaletewa maiti. Lakini mafunzo hayo si mzigo wa baba yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awafundishe wafanyakazi wake na kuwapa vifaa vya kujikinga. Kijana akiambiwa "panda tu", akatae, arudi nyumbani. Ugali upo.

Kuhusu cheti: VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini, na waashi na maseremala wamepata vyeti kwa njia hiyo. Vijana wakaulize huko kabla ya kumpa pesa mtu aliyebandika tangazo kwenye nguzo ya umeme.

Shauri letu ni kwamba ushirika usikopeshe ada. Ukopeshe nauli na ndoo, basi. Na wale wawili waliokwisha zoea kazi waje Jumamosi wawaonyeshe wenzao. Ngazi ya ghala ipo. Ofisi yetu ina madirisha manne, na tangu vioo viwekwe havijaona maji.