Damu Yetu Nayo Ipimwe Kwetu

Sisi wa Karagita tumezoea kuona mawaridi ya Naivasha yakienda kupangiwa bei mnadani Uholanzi. Damu nayo imefuata njia hiyo. Mwaka 2020 watafiti walieleza kuwa chembe nyekundu za watoto wa Kilifi wenye damu ya aina ya Dantu zina utando uliokazana, hata kijidudu cha malaria mara nyingi hushindwa kupenya. Damu ilitolewa Kilifi. Mkazo ukapimwa Cambridge, kwa kutazama utando unavyotetemeka. Siwalaumu. Ipo pia hadubini ya nguvu za atomi, iliyobuniwa 1986, ibonyezayo chembe hai kwa ncha nyembamba mno ikapima ugumu wake. Serikali ivinunulie vyuo vyetu vyombo hivyo, iwaajiri vijana waliosomea fizikia. Wengine nawaona hapa wakifunga maua.