Pata Potea na Mji wa Kitendawili

Aghalabu mjadala kuhusu pata potea huishia kwenye maadili: mchezeshaji ni mlaghai, mchezaji ana tamaa, polisi wawajibike. Hayo yana ukweli wake. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi ana swali la ziada: kwa nini fumbo la karata tatu tu limshinde mtu aliyelelewa kwa vitendawili?

Busia na Malaba ni mahali pafaapo kuliulizia swali hili. Hiyo ni miji ya kuvuka: malori ya mizigo kutoka Mombasa, wachuuzi, abiria, na waendesha bodaboda, ambao jina la kazi yao lenyewe huhusishwa na mpaka huu. Hapo shilingi ya Kenya hukutana na ya Uganda, na mchuuzi ambaye hakumaliza shule huzibadilisha kichwani pasi na kalamu. Si kweli, basi, kwamba watu hawa hawajui hesabu.

Katika pata potea, karata tatu hulazwa kifudifudi na kuhamishwahamishwa, kisha mtu hutakiwa kuionyesha moja iliyotajwa. Tuchukulie kwamba hakuna hila yoyote na mchezaji anakisia tu. Akiweka shilingi 100 kila mara kwa ahadi ya kuongezewa 100, katika michezo 30 atarajie kushinda kama 10 na kushindwa 20. Amepoteza shilingi 1,000 hata kabla ya kuibiwa. Wepesi wa vidole na wenzi wanaojifanya wachezaji huja juu ya hasara hiyo.

Lizingatiwe sasa fumbo jingine, lenye mizizi katika tatizo la masanduku matatu la Mfaransa Joseph Bertrand, la mwaka 1889. Karata moja ni nyekundu pande zote mbili. Ya pili ni nyeupe pande zote mbili. Ya tatu ina upande mwekundu na upande mweupe. Moja inatolewa mfukoni bila kutazamwa na kulazwa mezani. Upande wa juu ni mwekundu. Je, wa chini una rangi gani? Wengi hujibu kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu, kwa kuwa karata zinazoweza kuwa pale ni mbili. Sivyo. Pande nyekundu ni tatu, na mbili kati ya hizo ni za karata moja. Kwa hiyo kila mara tatu wekundu uonekanapo juu, takribani mara mbili hata chini ni wekundu. Kosa ni kuhesabu karata badala ya kuhesabu pande.

Tofauti ya mafumbo haya mawili ndiyo kiini cha hoja. Mtegaji wa kitendawili hufungwa na mapatano: aliyeshindwa humpa mji, naye hulazimika kulifumbua fumbo lake mbele ya wote. Mji wenyewe ni wa maneno. Hata Malaba inaweza kutolewa na ikabaki palepale. Katika pata potea, aliyeshindwa hutoa nauli yake ya kweli na hafumbuliwi kitu. Huko ni kutega kusiko na jibu.

Wapo watakaosema kwamba hesabu ni kazi ya idara nyingine. Pengine dhana hiyo imetokana na shule za Kenya kufundisha somo hilo kwa Kiingereza. Lakini shule za msingi za Tanzania zimelifundisha kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na istilahi kama uwezekano, wastani na sehemu zimekwisha kukomaa. Karata nazo zina msamiati wake: kopa, uru, pao, shupaza na turufu, maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kireno na kuyafanya yake.

Hapana budi, basi, wanafunzi wanaokwenda nyanjani kukusanya vitendawili wakusanye pia mafumbo ya hesabu, likiwemo lile la mtu aliyetaka kuvuka mto na chui, mbuzi na majani. Tena wasikusanye tu. Wayategee vijana wa mpakani kwa karata halisi, wapewe mji, kisha wafumbue. Maarifa hayo hayatamaliza tamaa wala ufukara. Yatamzoesha kijana kudai jibu, na asiyepewa jibu atajua kwamba alichotegewa hakikuwa kitendawili.