Mtihani wa Karatasi ya Basari



Likizo ya Desemba iliyopita nilialikwa Bumula, katika kaunti ya Bungoma, na ustadhi mmoja tuliyesoma naye chuoni miaka mingi nyuma. Huko Waislamu ni wachache, na madrasa yake ni chumba kimoja cha mabati, ila wanafunzi ni wasikivu. Kwa wiki mbili alikuwa akiwafundisha usalama wa mtandao baada ya kipindi cha Qur'ani, akataka mimi niwatahini, kwa kuwa mwalimu akiwatahini watoto wake mwenyewe huruma humzidi.

Siku ya kwanza niliuliza kwa mdomo. Nywila ni nini? Wakajibu kwa sauti moja. Namba ya siri hupewa nani? Hapewi mtu! Nilifurahi, lakini moyo haukutulia. Nimefundisha fiqhi zaidi ya miaka thelathini, na namjua vyema mtoto anayetaja nguzo zote za udhu bila kukosea, kisha ukamkuta birikani visigino vikavu.

Usiku tukashauriana. Asubuhi tukawagawia karatasi yenye kichwa cha habari kuwa kuna basari ya karo. Iliuliza jina la mwanafunzi, namba ya simu ya mama, namba ya kitambulisho chake na mwaka aliozaliwa. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: mkipigiwa simu, someni namba sita zitakazoletwa kwa ujumbe, tia alama kama umekubali.

Walijaza wote isipokuwa wanne. Watatu kati ya hao hawakuwa na kalamu.

Wa nne alikuwa binti ambaye jana yake nilimuuliza maana ya ulaghai wa mtandaoni akainamisha kichwa asijibu. Leo aliinua mkono: "Sheikh, hii karatasi imetoka kwa nani?" Sikuwa na jibu la kumpa, na hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Tulizikusanya karatasi tukazichana mbele yao papo hapo, nikawaeleza hila yangu na kuwaomba radhi. Nakiri jambo hili lilinisumbua, maana hila ni hila hata ikiwa ya mwalimu. Kilichonituliza ni kwamba hakuna herufi hata moja iliyosalia, wala aliyetajwa jina kwa kukosea.

Kisha tukaichambua ile karatasi. Namba ya siri ya tarakimu nne yaweza kupangwa kwa njia 10,000. Lakini wengi wetu huweka mwaka wa kuzaliwa, na mwizi akilijua hilo amebakiwa na miaka kama mia tu ya kubahatisha. Akishaupata mwaka wenyewe, habahatishi tena. Na zile namba sita ndizo WhatsApp huzituma mtu anapotaka kuifungua akaunti yake katika simu nyingine. Ukimsomea mgeni, akaunti inahamia kwake, naye ataanza kuwaomba pesa jamaa zako kwa jina lako na picha yako. Niliwaambia pia kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayechukua habari za mtoto apate kwanza idhini ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo mtoto anayeuliza "wewe ni nani, na mama anajua?" hajakosa adabu. Sisi watu wazima ndio tuliowafunza kwamba kumuuliza mkubwa ni utovu wa heshima, na matapeli wamelijua hilo kabla yetu.

Watoto walipotawanyika, kijana mmoja wa gredi ya nane alibaki nyuma. Akanieleza kwa sauti ndogo kuwa mwaka uliopita mtu alipiga simu nyumbani kwao, akajitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu. Mama yake hasomi Kiingereza, basi akampa mwanawe simu amsomee ujumbe ulioingia. Akausoma, namba baada ya namba. Pesa za mahindi zikaondoka siku ile, na pamoja nazo akiba ya chama aliyokuwa ameshikilia mama. Mpaka leo mama anadhani kosa ni lake. Kijana hajamwambia.

Akina mama, nimeyaandika haya kwa sababu ya hilo. Katika nyumba nyingi, huko bara na huku kwetu pwani, mtoto ndiye macho ya mama katika simu. Basi msimuulize nywila ni nini, hilo atalijibu. Kaeni naye baada ya chakula cha usiku, mumwambie: mtu amepiga, anasema nimetumiwa pesa kimakosa na anataka nirudishe sasa hivi, wewe ungefanya nini? Nyamazeni, mmsikilize. Akisema, "Kwanza naangalia salio," amefahamu. Akianza kutafuta namba ya kurudishia, anzeni naye upya, bila kumkemea.

Yule kijana nilimuuliza kama angependa nifuatane naye nyumbani. Akafikiri kidogo, akasema angependa kumwambia mama yake mwenyewe, ila nimsubiri nje ya ua. Nikachukua fimbo yangu tukaenda.