Linux Nyepesi, Lakini Nyepesi kwa Nani?



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limekigawa chama chetu cha kompyuta muhula huu mzima, hata wengine hawakai tena meza moja wakati wa chakula. Jambo lenyewe ni hili: zile kompyuta kuukuu 12 zilizomo chumbani mwetu tuzitie Linux gani? Wasomaji wasiokuwa wanachama nawaomba wasiruke ukurasa huu. Kompyuta zile ni za shule nzima, na sisi wa Kidato cha Nne tutakwenda zetu mwezi wa Novemba, nazo zitabaki.

Nieleze kwanza kidogo kwa ajili ya wazazi wetu. Linux ni programu kuu inayoendesha kompyuta, badala ya Windows. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Kiini hicho hutolewa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kukisoma, kukibadili na kukigawa. Kwa hiyo watu mbalimbali wamekichukua, wakakiongezea programu nyingine, wakatoa kila mmoja Linux yake yenye jina lake. Ni kama pilau: mchele ni ule ule, lakini kila nyumba ina mkono wake.

Sisi hatuitaki Linux kwa anasa. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo yataka RAM ya gigabaiti 4 kwa uchache, diski ya gigabaiti 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta zetu kumi zina RAM ya gigabaiti 2, na mbili zilizobaki zina gigabaiti 1 tu, tena hizo mbili ni za biti 32. Basi ama tuzitupe, ama tuzitie kitu chepesi. Hapana aliyesema tuzitupe.

Ubishi waanzia hapo. Mtu mgeni wa Linux ni rahisi kumshauri. Atapewa Linux Mint au Lubuntu, aendelee na kazi yake. Lakini katika chama chetu wamo wenzetu ambao si wageni tena. Wanajua amri za terminali, wanajua kugawa diski, na kompyuta ikigoma kuwaka hawakimbilii kumwita Mwalimu. Hawa ndio wazoefu, nami najihesabu miongoni mwao. Mzoefu aweza kuchagua yoyote, na hapo ndipo fahari inapoingia. Mmoja ataka Tiny Core, kwa kuwa pamoja na skrini yake ya madirisha haizidi sana megabaiti 20. Wa pili ataka Arch, kwa kuwa unaijenga mwenyewe kipande kwa kipande, wala haina kitu usichokiomba. Wa tatu asema Void, wa nne Alpine. Wote wasema kweli, na Linux hizo zote ni nzuri mahali pake. Lakini naona hatujaulizana vizuri neno "nyepesi" maana yake nini. Kwa maoni yangu uzito wa Linux ni wa namna nne, nasi tumekuwa tukiupima wa kwanza tu.

Uzito wa kwanza ni wa RAM. Wenzangu hupenda kuwasha kompyuta, kuandika amri ya free, na kutangaza kwa sauti ni megabaiti ngapi zimetumika. Lakini kompyuta haikuletwa shuleni ili iwashwe na kutazamwa. Mwanafunzi atafungua kivinjari, na kurasa nne au tano za kivinjari zaweza kula RAM kuliko Linux yenyewe pamoja na madirisha yake. Ile tofauti ya megabaiti 50 tuliyoigombania wiki mbili humezwa na ukurasa wa kwanza. Tena, tofauti kubwa haitokani na jina la Linux bali na programu ya madirisha. Mazingira makubwa kama GNOME na KDE ni mazito kwa mashine zetu. IceWM, Openbox na LXQt ni mepesi. Debian yenye IceWM na Arch yenye IceWM hazipishani sana. Mzoefu aweza kuiweka Debian bila madirisha yoyote, kwa kuondoa alama mahali pa madirisha wakati wa kuiweka, kisha akaongeza IceWM na vile vichache anavyovihitaji. Akiongeza na zram, ambayo hubana sehemu ya yaliyomo katika RAM yakae mahali padogo, gigabaiti 2 zatosha kuandika, kuhesabu na kusoma.

Uzito wa pili ni wa biti, nao hauna mjadala. Arch iliacha kompyuta za biti 32 mwaka 2017. Lubuntu ya mwisho ya biti 32 ilikuwa 18.10. Hata Debian, ambayo ilivumilia miaka mingi, imechoka: Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena njia ya kuwekwa upya katika mashine za namna hiyo. Kwa zile mbili zetu zilizobaki ni chache, nazo ni kama Void, Tiny Core, na antiX 23. Hii ya mwisho ilitoka mwaka 2023, imejengwa juu ya Debian 12, na hutumia IceWM tangu siku ya kwanza.

Uzito wa tatu ni wa bando, nao huonekana zaidi kwetu kuliko kwa wale wanaoandika miongozo wakiwa na intaneti isiyokatika. Arch na Void hazina matoleo. Ni mto unaotiririka, na kila siku huja programu mpya. Yakupasa uteke mara kwa mara, tena uteke yote. Debian hutoa toleo jipya kila baada ya miaka miwili hivi, na katikati hapo huleta marekebisho ya usalama na ya makosa makubwa tu. Kila toleo hutunzwa kwa miaka mitano kwa jumla. Sisi tunapata intaneti kwa simu ya Mwalimu, naye hulipa bando kwa mfuko wake. Aidha, kwa programu iitwayo apt-cacher-ng kompyuta moja hupakua, na nyingine zote huchukua kwake, kama kisima kimoja cha kijiji. Kwa haki niseme kwamba hata Arch yaweza kupangiwa hivyo, lakini maji ya kuteka ni mengi zaidi.

Uzito wa nne ndio ulionifanya nishike kalamu. Ni uzito wa yule atakayeitunza kompyuta baada yako.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, kaka zetu wa Kidato cha Nne waliziwekea kompyuta hizi Arch. Walikuwa mafundi kweli, na kazi yao ilipendeza. Kompyuta iliwaka upesi hata tukaita wenzetu waje kuona. Novemba wakaondoka. Kompyuta zikakaa zimezimwa likizo nzima. Shule ilipofunguliwa, tulitaka kuongeza programu moja ya hesabu. Kompyuta ikakataa, ikasema sahihi za vifurushi hazitambulikani. Sasa najua sababu: funguo za kuthibitishia sahihi zilikuwa za zamani, na ilitupasa kuanza na kifurushi cha funguo, kisha kusasisha mashine nzima. Wakati ule hapana aliyejua. Tukalazimisha kifurushi kimoja peke yake, nacho kikaja na maktaba mpya ambazo programu nyingine hazikuzijua. Madirisha yakafa. Tukadhani ni ubovu wa mashine ile, tukaenda kujaribu dawa ile ile katika ya pili, na ya tatu.

Chumba kilifungwa muhula mzima. Kidato cha Kwanza wa mwaka ule walimaliza muhula hawajagusa kibodi. Mmoja wao nalala naye bweni moja, na mpaka leo huchapa kwa kidole kimoja akitafuta herufi. Aliyeandika amri ile ya kulazimisha ni mimi. Sijapata kulisema jambo hili mbele ya watu, nami nalisema sasa ili nisionekane nawahukumu wengine.

Arch haikuwa na kosa, kwa maana mwongozo wake unaonya wazi kwamba mtu asisasishe nusu nusu. Kaka zetu nao hawakuwa na kosa la ufundi. Walichagua iliyokuwa nyepesi kwao, wala hawakuuliza itakuwaje kwa watoto wa Kidato cha Pili watakaoachiwa. Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo itakavyokuwa tena Novemba hii tusipoangalia.

Rafiki yangu mmoja, ambaye tumebishana naye tangu Januari, ananijibu hivi: ukiwapa wadogo kitu kisichovunjika hawatajifunza, na sisi wenyewe tusingejua lolote kama Arch isingetuvunjikia. Nusu ya maneno yake naikubali. Siku zile za kutafuta kosa langu zilinifundisha kuliko vitabu. Lakini somo langu mimi lililipiwa na darasa zima ambalo halikuniomba. Anayetaka kujifunza kwa kuvunja na avunje chake.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kompyuta tisa zitiwe Debian 13 pamoja na IceWM. Zile mbili za biti 32 zitiwe antiX 23. Debian 12 iliyo msingi wake imepangiwa marekebisho mpaka Juni 2028, na siku hiyo ikifika zisiunganishwe tena na intaneti. Ya kumi na mbili iwe ya majaribio, na juu yake pabandikwe karatasi yenye maneno "Vunja utakavyo". Humo waingie wa Arch, wa Void, wa Alpine, na hata Slackware, iliyoanza mwaka 1993 na kuishi kuliko wenzake wote. Pia tuwe na flashi moja yenye Puppy Linux, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia. Hii hujipakia katika RAM, basi yafaa kuokolea mafaili ya mashine iliyogoma. Na mzoefu mwenye kompyuta yake mwenyewe atie aipendayo, hayo hayatuhusu.

Jambo la pili, tuanzishe daftari. Si faili la ndani ya kompyuta, kwa kuwa kompyuta ikifa na faili limekufa. Liwe daftari la karatasi, liandikwe kila amri tuliyoitoa, tarehe yake na sababu yake, likae kwa Mwalimu pamoja na maneno ya siri ndani ya bahasha.

Jambo la tatu, tuchague wanafunzi wanne wa Kidato cha Pili, wavulana wawili na wasichana wawili, tuwafundishe kabla ya mtihani wetu. Kisha tuwajaribu. Wakae na kompyuta tupu, flashi na daftari, wakaiweke Debian tangu mwanzo hata mwisho, nasi tusimame nyuma yao mikono mfukoni. Wakishindwa, tutajua kwamba Linux tuliyoichagua bado ni nzito, hata kama RAM yake ni ndogo namna gani. Wakiweza, twaweza kwenda zetu kwa amani. Hiki ndicho kipimo ninachowaomba wanachama wakikubali badala ya ile amri ya free.

Walimu wetu nawaomba watupe Jumamosi mbili kwa kazi hiyo. Wazazi wetu nawaomba hivi: ikiwa nyumbani iko kompyuta ya zamani iliyowekwa uvunguni kwa sababu Windows imeikataa, msiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kutuuliza. Ikiwa ni ya biti 64 na yawaka, tunayo kazi ya kuipa.

Na ndugu zangu wa chama, tusamehane kwa yale tuliyoambiana muhula huu. Kila mmoja wetu alikuwa akiitetea Linux aipendayo, wala hapana ubaya katika kupenda. Lakini mkutano wa mwisho ni Ijumaa ijayo, saa kumi, na yatupasa tupige kura. Kabla hamjainua mikono, watazameni wale wadogo wa Kidato cha Kwanza wanaochungulia dirishani kila jioni.

Nakoma hapa, nami ni tayari kujibiwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne