Kumbukumbu ya mwanahabari iwe karo

Mnamo Julai 12, 1993, wapigapicha Hos Maina na Dan Eldon, pamoja na fundi wa sauti Anthony Macharia, waliuawa mjini Mogadishu wakiwa kazini. Njia bora ya kuwaenzi wanahabari kama hao ni kumlipia karo mwanafunzi wa mawasiliano, tuseme katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, hukopesha. Mhitimu huanza kazi akidaiwa. Ufadhili wa kumbukumbu haudai.

Hata hivyo, michango ya matanga hukauka upesi. Sharti fedha ziwekezwe, faida pekee itumike, na wateuzi wasiwe jamaa za waombaji. La sivyo, jina la marehemu litasalia ukutani huku mwanafunzi akirejea nyumbani.