Namba ya simu si namba

Leo nataka tuzungumzie namba moja tu: 2,147,483,647.

Nilimwandikia ami yangu hapa Wasini kijiprogramu cha kuandikisha watalii wanaopanda mashua yake kwenda Kisite kutazama pomboo. Kusi ikivuma vibaya, programu iwatumie SMS kwamba safari imeahirishwa. Siku kusi ilipovuma kwelikweli, hakuna aliyepata ujumbe. Watu walitoka Diani alfajiri wakaja kusimama bure kwenye gati ya Shimoni. Ami akafungua orodha, akaniuliza: "Mwanangu, hawa wote wana simu moja?" Mbele ya kila jina palikuwa na 2147483647.

Kosa lilikuwa langu. Safu ya simu niliiweka kuwa namba kamili ya biti 32. Biti moja ni ya alama ya hasi au chanya, zinabaki 31. Kwa hiyo kubwa kabisa inayoingia unaipata ukizidisha mbili 31 kwa pamoja (2×2×2...), kisha ukatoa 1. Namba ya simu ya Kenya ikianza na 254 ina tarakimu 12, yaani inazidi bilioni 254. Haiingii. MySQL za zamani, na hata za sasa ukizima ukaguzi mkali, hazikatai. Zinaweka kubwa kabisa inayoingia, zinatoa onyo dogo, basi. Na mimi nilipojaribu nyumbani niliandika zile za 07, zikaingia, ila sifuri ya mwanzo ikapotea. Hapo ndipo ningeshtuka.

Kwa wapenzi wa hesabu, hii ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Euler alithibitisha hilo mwaka 1772, bila kompyuta. Kikomo cha biti 64, yaani mbili 63 zikizidishwa kisha utoe 1, si tasa. Kinagawanyika kwa 7.

Sasa jiulize: je, namba yako ya simu ni tasa? Ukiizidisha kwa mbili unapata nini? Maswali hayo hayana maana, na hiyo ndiyo hoja yangu. Kitu usichokijumlisha wala kukigawa si namba, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu. Simu, kitambulisho, pasipoti: hifadhi kama maandishi. Wapo watakaosema tumia biti 64, yaishe. Itaingia, kweli, lakini sifuri ya mwanzo na alama ya + bado vitapotea.

Vinavyohesabiwa kweli, kama sekunde, ndivyo vipewe biti 64. Mifumo inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 itafika kwenye namba hii hii tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde ya nane ya dakika hiyo, itajiona iko Desemba 1901!

Ya ami nimesharekebisha. Kagueni safu zenu leo, kabla kusi haijavuma.