Gari Likishushwa, Shokomzoba Nazo Je?

Ijumaa moja, baada ya sala, tulitoka msikitini hapa Kinondo tukamkuta kijana ahangaika na gari lake. Injini nzima, tairi mpya. Tatizo ni kwamba gari lilikuwa limeshushwa mno, hata tumbo lake likalalia jiwe la matumbawe, magurudumu ya mbele yakawa yazunguka bure mchangani. Tulilinyanyua watu sita, kanzu zikachafuka, naye akaenda zake akitabasamu.

Mimi si katika wale wasemao kwamba kushusha gari ni upuuzi mtupu. Wazee wenzangu wasemapo hivyo huwakumbusha baiskeli zao walizozipamba vioo na maua ya plastiki. Gari lililokaa chini, likaoshwa likang'aa, hupendeza, hasa likiongoza arusi. Huko Los Angeles, Wamarekani wenye asili ya Meksiko wameifanya kazi hiyo kuwa sanaa. Mwaka 1958 jimbo la California lilikataza gari lenye bodi iliyoshuka chini ya ukingo wa rimu, na mwaka uliofuata Ron Aguirre akalitia lake mitambo ya haidroliki ili aliinue amwonapo askari. Katazo hilo liliondolewa kuanzia Januari 2024. Lakini watu hao wana desturi moja ambayo vijana wetu hawakuichukua: huenda polepole, gari litazamwe. Sisi twalishusha, kisha twalikimbiza barabara ya Likoni na Lunga Lunga kana kwamba twafukuzwa.

Tuje kwenye ugomvi wangu hasa. Fundi wa kando ya njia huitoa springi, akaikata mzunguko mmoja au mmoja na nusu, akairudisha pamoja na shokomzoba ile ile ya zamani. Kazi imekwisha, lete pesa. Springi iliyokatwa si fupi tu, bali pia ni ngumu zaidi, kwa kuwa mizunguko iliyobaki ni michache. Kazi ya shokomzoba ni kuituliza springi isirukeruke, na ile ya kiwandani ilipimiwa springi ndefu na laini. Tena fimbo yake sasa imekwisha kuzama ndani kabla hata abiria hajapanda. Pakia watu wanne, fika kwenye tuta, nayo yagonga mwisho. Ikigonga siku nyingi mpira wa kuzuia mafuta hufa, mafuta huvuja, na hapo huna shokomzoba, una bomba tupu. Gurudumu la gari hilo huruka penye mashimo, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani.

Basi anayetaka kushusha na aanze na shokomzoba, springi zifuate. Atafute zilizotengenezwa fupi kwa gari la aina yake, zenye nguvu ya kuimudu springi ngumu. KYB ya Japani, Bilstein ya Ujerumani na Koni ya Uholanzi hutengeneza za namna hiyo kwa baadhi ya magari. Gari likiwa na strati mbele, kama zilivyo Toyota ndogo nyingi tulizo nazo, hadhari izidi. Humo shokomzoba ndiyo nguzo inayobeba springi na kulishika gurudumu. Ukikosea, gurudumu hulala upande na tairi huliwa ubavu wa ndani. Zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia, kisha magurudumu yapangwe upya kwa kipimo. Na kama fimbo yafikika, ifunge uzi wa plastiki, uusukume hadi kwenye bomba, uende Msambweni na kurudi ukiwa na abiria. Uzi ukiukuta umesukumwa hadi mwisho wa fimbo, umeshusha kupita kiasi.

Najua jibu nitakalopewa: bei. Kweli, kukata springi ni pesa za chai, na seti nzuri huweza kumfanya bwana arusi aombe muda. Lakini springi ikishakatwa haiungwi tena, na zile shokomzoba za mtumba zilizovuliwa kwenye gari bovu huja na uzee wao.

Kaya Kinondo, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2008 katika urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, mgeni haingii mpaka afungwe kaniki nyeusi, apendeze asipendeze. Mahali pana sharti zake. Njia zetu za ndani nazo zina zao, na kivuko cha Likoni maji yakitoka, gari la chini likiteremka kuingia ferini, hulisikia lenyewe likilia.

Tena hapa kwetu gari la kijana ndilo gari la jirani. Usiku wa manane mlango ukigongwa, mja mzito ameshikwa na uchungu, hakuna aulizaye gari limeshushwa au halikushushwa. Atapandishwa nyuma apelekwe hospitali ya Msambweni, na kila shimo ataliona yeye, mgongoni mwake.

Mpwa wangu amenunua gari mwaka huu, na fundi ameshamjia mara mbili na msumeno wake. Nimemwambia akusanye kwanza pesa za shokomzoba nne. Amekasirika, lakini springi bado ni nzima.